Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Pagan Altar Haitajwi?

SWALI: Mhariri wa safu ya muziki, salaam. Mimi ni mpenzi wa muziki wa roki wa zamani, na nimewasikiliza Black Sabbath na Candlemass kwa muda mrefu. Hivi karibuni rafiki yangu alinipa albamu ya kundi la Uingereza liitwalo Pagan Altar, nami nimeshindwa kuiweka kando. Linalonishangaza ni kwamba kila nikisoma orodha ya magwiji wa dumu metali, yaani metali ile nzito ya mwendo wa taratibu, kundi hili ama halimo au limepewa mstari mmoja tu. Wenzangu niliowasikilizisha wanasema mwimbaji anaimbia puani, na jina la kundi linawatia shaka. Je, ni mimi ninayelikuza, au kweli limenyimwa haki yake? Na kama bado lipo, nianzie wapi kusikiliza kazi zake nyingine?
Msomaji wako, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, hulikuzi hata kidogo, na nimefurahi kwamba umeuliza.

Pagan Altar iliundwa mwaka 1978 huko Brockley, kusini mwa London, na baba na mwanawe: Terry Jones akiimba, Alan Jones akipiga gitaa. Uingereza ilikuwa inaingia katika wimbi jipya la hevi metali, lile lililowainua Iron Maiden na Def Leppard, na wengi katika wimbi hilo walikuwa wakishindania kasi. Akina Jones walishika njia iliyofunguliwa na Black Sabbath mwaka 1970, ya gitaa zito lisilo na haraka, wakaongeza humo ladha ya nyimbo za jadi za Kiingereza ambayo wenzao wengi hawakuwa nayo.

Mwaka 1982 walirekodi nyimbo zao na kuzitoa wenyewe katika kaseti, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Kaseti ile haikuwa na kampuni ya kuitangaza wala kuisambaza. Ilipita mkono kwa mkono, ikanakiliwa, hata wakatokea watu wakaitoa kama santuri ya magendo bila idhini ya wenyewe. Kundi lilivunjika katika miaka ya 1980, na toleo halali la rekodi hiyo, lililoitwa Volume 1, halikutoka hadi mwaka 1998. Hiyo ni miaka 16 tangu irekodiwe. Katika kipindi hicho makundi mengine ya dumu metali yaliwahi madukani: Trouble ya Chicago na Saint Vitus ya Los Angeles zilitoa albamu zao za kwanza mwaka 1984, Pentagram ikafuata mwaka 1985 na Candlemass ya Sweden mwaka 1986, na wanaosimulia historia ya mtindo huu wakazoea kuhesabu kwa tarehe za kufika madukani. Ukihesabu kwa tarehe ya kurekodi, albamu ya Pagan Altar ilikuwapo kabla albamu hizo zote hazijatoka. Witchfinder General, Waingereza wenzao, walikuwa na kampuni na albamu yao ikatoka mwaka huohuo wa 1982, ndiyo maana wao hutajwa mapema, ingawa kwa maoni yangu utunzi wao haufikii kina cha akina Jones.

Kuhusu sauti, wenzako wamesikia vizuri ila wameharakisha hukumu. Ni kweli kwamba Terry Jones anaimba kwa sauti nyembamba, ya juu, inayopitia puani. Hangurumi wala hapigi ukelele. Lakini nyimbo zake ni masimulizi, na msimulizi lazima maneno yake yasikike juu ya gitaa lililojaa kiasi kile. Chukua Reincarnation, wimbo wa mwisho katika albamu hiyo ya kwanza. Unaanza kwa utulivu, gitaa likidonolewa taratibu na Terry akiimba kama mtu anayejisemea, na uzito unapoingia baadaye sauti yake haibadiliki kuwa ya kutisha, inabaki na huzuni ileile, hivyo kinachokuelemea ni wazo la kufa na kurudi zaidi ya kelele za ala. Solo za Alan nazo zina melodia kamili ndani yake. Ukizisikiliza mara kadhaa utajikuta unaweza kuziimba kwa mdomo.

Jina lisiwatishe. Jukwaani walipenda mishumaa na mapambo ya kuogofya, na mashetani yametajwa katika nyimbo zao kadhaa, mmoja ukimleta Ibilisi hadi Brockley, mtaani kwao wenyewe. Hata hivyo, anayefuatilia maneno atakutana zaidi na ngano, kama ile ya Ireland ya kiumbe wa kike ambaye kilio chake hutangulia kifo katika ukoo, wanayoiimba katika The Cry of the Banshee. Sisi tuliokuzwa na hadithi za majini na mizimu hatuna sababu ya kuona hilo kuwa ibada.

Kwa mpangilio wa kusikiliza, anza na albamu hiyo ya 1982, ukikumbuka kwamba mwaka 2005 ilitolewa upya kwa jina la Judgement of the Dead, usije ukainunua mara mbili. Kisha ruka moja kwa moja hadi Mythical & Magical ya mwaka 2006, ambayo mimi naihesabu kuwa kazi yao bora, kwa kuwa humo ladha ya jadi niliyoitaja imekomaa na kila wimbo umepewa nafasi ya kupumua. Lords of Hypocrisy ya mwaka 2004 inaweza kusubiri kidogo. The Room of Shadows iache iwe ya mwisho: ilitoka mwaka 2017, ikiwa na sauti ya Terry, ambaye alifariki kwa saratani mwaka 2015. Alan hakulivunja kundi baada ya msiba huo. Alimpokea mwimbaji Mmarekani, Brendan Radigan, na nyimbo za baba yake zikaendelea kuimbwa jukwaani.