Kurudi jukwaani peke yako baada ya kundi la wawili: kazi ya bendi mpya

Wasanii wengi wanaotoka kwenye kundi la watu wawili huanza safari ya peke yao kwa kutafuta sauti inayofanana na ya mwenzao wa zamani. Wanampata kijana mwenye koo zuri, wanampa vesi zilezile, wanamsimamisha upande uleule wa jukwaa, kisha wanashangaa kwa nini shoo inaonekana kama ya kuiga. Mashabiki hawawezi kuacha kulinganisha, na aliyeletwa kuziba pengo hashindi ulinganisho huo hata kama anaimba vizuri kuliko aliyeondoka. Pengo hilo linazibwa na mpangilio wa muziki. Bendi mpya inalipiwa kwa ajili ya kazi hiyo, na mtu wa kuajiri kwanza ni yule atakayekaa na kila wimbo wa zamani aufumue na kuusuka upya.

Tazama alivyofanya Paul Simon, mwimbaji wa Marekani. Alipokuwa na Art Garfunkel, uzuri wa nyimbo zao ulikaa kwenye sauti mbili zilizoshikana. Kwenye albamu yake ya mwaka 1986 hakutafuta Garfunkel mwingine. Alikwenda Johannesburg, akarekodi midundo kwanza na wapigaji wa huko, akiwemo Ray Phiri kwenye gita na Bakithi Kumalo kwenye besi, na maneno mengi yakaja baadaye. Sikio la msikilizaji likapata kitu kipya cha kushika, yaani besi inayoongea na magita yanayojibizana, na sauti moja ikatosha.

Kabla ya mazoezi ya kwanza, maliza ya kwenye makaratasi

Jina la kundi lina mwenyewe, na mara nyingi wenyewe ni wawili. Usilitumie kwenye bango, hata kwa herufi ndogo, mpaka kuwe na makubaliano ya maandishi kuhusu maneno yatakayoruhusiwa, kwa mfano "aliyekuwa wa" likifuatiwa na jina la kundi. Tina Turner alipotalikiana na Ike, mumewe na mwenzake wa jukwaani, mwaka 1978 aliacha karibu kila kitu ila akahakikisha anabaki na haki ya kutumia jina lake la kisanii. Jina hilohilo ndilo lililobeba albamu yake ya mwaka 1984 iliyomrudisha kileleni. P-Square, ndugu mapacha wa Nigeria, walipotengana mwaka 2017, Peter aliendelea kama Mr P na Paul kama Rudeboy, na promota yeyote aliweza kutangaza mmoja bila kumchanganya na mwenzake.

Tenganisha pia mambo mawili ambayo watu huyachanganya: wimbo wenyewe, yaani maneno na melodi, na ile rekodi iliyotoka. Kuuimba wimbo jukwaani kwa kawaida hakuna shida hata kama aliyeutunga ni mwenzako, maana mirabaha ya utunzi hulipwa kupitia vyama vya hakimiliki. Kuurekodi upya ni jambo jingine. Mikataba mingi ya lebo inamzuia msanii kurudia rekodi zilezile kwa miaka kadhaa, kwa hiyo soma kifungu hicho kabla ya kuingia studio. Rekodi mpya ya wimbo wa zamani inahitaji namba yake mpya ya ISRC, yaani namba ya utambulisho wa kila rekodi. Ukitumia ile ya zamani, malipo yatakwenda kwenye rekodi ya kwanza.

Fumua kila wimbo wa zamani

Chukua karatasi moja kwa kila wimbo. Andika baa kwa baa (baa ni kipande kifupi cha wimbo, kwa kawaida mapigo manne) nani aliimba na mwenzake alikuwa akifanya nini wakati huo. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayoonyesha mahali wimbo utakapobomoka. Karibu kila wimbo wa wawili utakuonyesha moja kati ya shida tatu: vesi za kupokezana, sauti ya pili kwenye kiitikio, au maneno ya kuitana na kujibizana.

Kwenye vesi za kupokezana tatizo ni pumzi. Katika kundi, kila mmoja anaimba karibu nusu ya wimbo na kupumzika nusu nyingine. Ukiimba peke yako ule wimbo wa dakika nne bila kubadilisha kitu, kufika kiitikio cha mwisho huna kifua, na shingo inaanza kukaza. Wengi hudhani ni uzee wa sauti. Sababu ni kwamba wimbo haukuandikwa kwa mapafu ya mtu mmoja. Kata vesi moja bila huruma, au weka baa 8 za vyombo vitupu mara tu baada ya kiitikio cha pili. Ukiziweka mapema, kabla ya kiitikio hicho, zinaua kasi ya wimbo. Zikija baada yake, msikilizaji anazipokea kama zawadi, nawe unapata karibu sekunde 20 za kuvuta hewa ikiwa mwendo ni mapigo 96 kwa dakika.

Sauti ya pili ndiyo inayopotosha zaidi. Kama mwenzako alikuimbia noti ya tatu juu au chini yako, mashabiki hawakusikia melodi na msaidizi wake. Walisikia kitu kimoja. Wakati mwingine melodi wanayoikumbuka na kuipigia mluzi ni ya mwenzako, wala si yako. Cheza rekodi kwa watu watano wasiojua muziki, waambie waimbe kiitikio, kisha sikiliza wameshika mstari upi. Huo ndio utakaouimba wewe. Mstari uliobaki mpe saksafoni ya tena, au gita, au ogani ya chini isiyojitangaza. Ukitaka sauti za watu, weka waitikiaji wawili. Akiwa mmoja, sikio linamsikia mbadala wa aliyeondoka. Wakiwa wawili, linasikia kwaya, na mjadala wa kulinganisha unaisha hapo.

Maneno ya kujibizana ni mepesi kidogo. Jibu fupi, la neno moja hadi matatu, waachie watazamaji. Jibu refu hawatalijua, nawe utabaki umenyoosha kipaza sauti mbele ya kimya. Hayo mpe mpiga gita, au yafute.

Usicheze sauti iliyorekodiwa ya mwenzako kutoka kwenye kompyuta. Haki za rekodi hiyo huenda si zako, na bendi nzima inafungwa kwenye mwendo wa rekodi. Zaidi ya hapo, watu wanaanza kumtafuta kwa macho mtu ambaye hayupo.

Kushusha kii na madhara yake

Karibu kila anayerudi baada ya miaka anahitaji kushusha kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima unapigwa, kinachoitwa kwa herufi kama E au D. Nusu toni mpaka toni moja kwa kawaida hakuna mtu atakayegundua. Ukizidi hapo, vyombo vinaanza kudai haki yao. Besi ya nyuzi nne inaishia E ya chini. Wimbo uliokuwa E ukiushusha mpaka D, mpigaji analazimika kulegeza uzi, kutumia besi ya nyuzi tano, au kuhamia oktavu ya juu, na akihamia juu mdundo unakuwa mwepesi kama umekatwa miguu. Gita lililokuwa likipigwa kwa nyuzi wazi linapoteza mlio wake, na kapo, kile kibanio cha shingo ya gita, haisaidii kwa sababu inapandisha tu. Kushusha E mpaka E flati (flati hushusha noti nusu toni, shapu huipandisha), gita zima lityuniwe nusu toni chini, na mpigaji anabaki na vidole vyake vilevile.

Kama una tarumbeta na saksafoni ya tena, E flati ni neema. Vyombo hivyo vinaandikiwa toni moja juu, kwa hiyo wimbo wa E unampa mpulizaji F shapu yenye shapu sita, wakati E flati inampa F yenye flati moja tu. Makosa ya wapulizaji ambayo watu huyaita uzembe mara nyingi ni kii mbaya.

Ugumu mwingine ni pale kundi lilipokuwa la mwanamume na mwanamke. Vesi ilikaa kwenye sauti ya mmoja na kiitikio kwenye sauti ya mwingine, na mtu mmoja hafiki kote. Kuimba kiitikio oktavu moja chini kunawezekana, ila kinakuwa kimelala. Dawa yake iko kwenye vesi: punguza vyombo mpaka ibaki besi na kiki (dramu kubwa ya mguu) peke yake, ili kiitikio kikiingia na bendi nzima bado kionekane kimepanda ingawa sauti imeshuka. Waitikiaji wawili wanachukua ile oktavu ya juu.

Watu wa kuwachukua

Bendi ya watu sita inatosha: dramu, besi, gita, kinanda na waitikiaji wawili, mmoja wao akijua kupiga pakasheni, yaani ngoma ndogo na manyanga. Ikiwezekana, mchukue mpiga dramu pamoja na mpiga besi ambao tayari wamefanya kazi pamoja. Ushirikiano huo haununuliwi kwa mazoezi ya wiki tatu. Mpiga kinanda mara nyingi ndiye anayefaa kuwa kiongozi wa muziki, kwa sababu akodi zote ziko mbele yake.

Kwenye usaili, mpe kila mmoja nyimbo mbili siku tatu kabla, moja ya zamani na moja mpya. Akishapiga, mwombe arudie toni moja chini papo hapo, kisha arudie kwa sauti ya chini kabisa bila kupunguza mwendo. Jaribio la pili linachuja zaidi kuliko la kwanza. Mpiga dramu asiyeweza kupiga taratibu bila kuzorota atakulazimisha upige kelele shoo nzima.

Kubaliana malipo kabla ya noti ya kwanza: kiasi kwa shoo, kiasi kwa mazoezi, na nani anamiliki nini ikiwa mpiga besi atabuni mchezo utakaogeuka uti wa mgongo wa wimbo mpya. Andika asilimia siku hiyohiyo ya kutunga, wote watie saini. Ugomvi wa namna hii huja wimbo ukishapendwa, na wakati huo kila mtu anakumbuka tofauti.

Mazoezi ya kwanza mawili au matatu yawe bila mwimbaji. Dramu na besi peke yao wapitie kila wimbo, kisha kinanda, kisha gita. Mwimbaji akiwepo tangu mwanzo, bendi inamfuata yeye na makosa yanajificha nyuma ya sauti yake. Tenga mazoezi kumi hivi ya saa tatu kwa shoo ya dakika 60. Mawili ya mwisho muwe mmesimama kama jukwaani, bila kusimama kurekebisha kosa lolote.

Shoo yenyewe

Dakika 60 zinabeba nyimbo 12, ukihesabu maneno ya katikati. Kwa shoo za mwanzo, tano au sita ziwe za zamani. Anza na wa zamani katika sura yake mpya, ili watu wajue mapema kwamba kuna kazi imefanyika, kisha weka nyimbo mpya mbili mfululizo. Usirundike nyimbo za zamani zote mwishoni. Ukifanya hivyo watu wanazifanya zile mpya kuwa muda wa kwenda kununua vinywaji. Wimbo mkubwa kuliko yote uwe wa 11, na wa 12 uwe mpya wenye kiitikio rahisi.

Fundi mitambo atumiwe mchoro wa jukwaa na orodha ya njia (kila chombo au sauti inayoingia kwenye mitambo) wiki moja kabla. Kwa bendi hii hesabu ni 15: dramu 7, besi 1, gita 1, kinanda 2, pakasheni 1 na sauti 3. Ongeza kipaza sauti cha akiba, zinakuwa 16. Kama kuna kompyuta yenye kliki ya kuhesabu mapigo, ongeza 3.

Monita, yaani spika au vipokea sauti ambavyo mwimbaji hujisikilizia jukwaani, inahitaji umakini wa pekee. Mtu aliyezoea kuimba wawili hushika toni kutoka kwenye koo la mwenzake bila kujijua. Akibaki peke yake anaanza kuyumba, halafu anaomba sauti yake iongezwe, na bado anayumba. Omba kinanda kwanza, kisha kiki, kisha sauti yako, kwa mpangilio huo. Ukitumia vipokea sauti vya masikioni, usitoe kimoja ili "usikie watu". Sikio lililo wazi linapigwa na dramu, nawe utaongeza sauti kwenye lile lililofungwa mpaka uliumize. Fungia vipaza sauti viwili pembeni mwa jukwaa vielekee kwa watazamaji, uvilishe kwenye vipokea sauti hivyo, utawasikia bila kujidhuru.

Singo mpya imfikie msambazaji wiki nne kabla ya tarehe ya kutoka, na iwe sokoni kabla ya shoo ya kwanza. Watu wakisikia kitu kizuri jukwaani wanakitafuta usiku uleule.

Swali la kwa nini mliachana litaulizwa kila mahali. Tayarisha sentensi moja ya kweli isiyomdhuru mtu, itumie neno kwa neno, na bendi nzima iijue, maana waandishi humgeukia mpiga gita wakikukosa wewe.

Kuna siku mwenzako wa zamani anaweza kuja kwenye shoo na watu wakamwita jukwaani. Tayarisha wimbo mmoja katika kii yake ya asili, kwa mpangilio wa sauti mbili, na uupitie kila mazoezi ya tatu hata kama hauko kwenye orodha. Mpiga kinanda atabadilisha kwa kitufe. Mpiga gita aliyelegeza nyuzi nusu toni hawezi, kwa hiyo gita la pili lityuniwe kawaida na liwekwe kwenye stendi nyuma yake. Kipaza sauti kile cha njia ya 16 kiwe kimeshajaribiwa tangu mchana.