Nyumbani Mashi na Kiswahili, masomo Kifaransa: mtoto mwenye otizimu tumsemeshe lugha gani?

SWALI

"Jambo. Niko Bukavu, Kadutu. Kijana wangu ana miaka 7, yuko mwaka wa pili primeri, alishapimwa wakasema ni otizimu. Koko yake anamsemesha Mashi, baba yake na mimi Kiswahili, ku masomo ni Kifaransa tangu gardiene. Sasa mwalimu anasema lugha tatu ndo zinamchanganya, tuache zote tubaki na Kifaransa peke. Ukimuuliza kitu anarudilia swali lako. Anasoma tablo yote kwa sauti lakini ukimuuliza amesoma nini, kimya. Direkta naye ameanza kusema mwaka kesho tutafute masomo ingine. Tufanye nini? Na akirudilia klasi itasaidia?"

JIBU

Mama, asante kwa kuandika yote bila kuficha. Mimi ni ortofonisti, kazi yangu ni lugha na kusema kwa watoto, kwa hiyo nitakaa sana kwenye lugha, mambo mengine nitapita mbio kidogo.

Msiache Mashi, msiache Kiswahili. Naanza na hiyo ju najua kuna nyumba nyingi hapa Bukavu zilishapewa hilo shauri na zikalifuata, na watu wanaolitoa hawana ubaya, wanaona mtoto hasemi vizuri wanafikiri mzigo ukipungua atatembea haraka. Lakini lugha haziko mzigo wa namna hiyo. Kule Montréal, Kanada, watafiti wawili, Catherine Hambly na Eric Fombonne, mwaka 2012 walilinganisha watoto 75 wenye otizimu, wengine wa lugha mbili, wengine wa lugha moja, na hawakuona kwamba wale wa lugha mbili wamechelewa zaidi. Wengine waliochunguza nyuma yao wamekuta mambo yanayofanana. Otizimu ndo inachelewesha kusema, koko na Mashi yake hana kosa.

Alafu fikiria vile inakuwa nyumbani siku mnakata Kiswahili. Mzazi ambaye Kifaransa chake ni cha ofisi au cha masomo ya zamani, akilazimika kukitumia na mtoto asubuhi mpaka jioni, anabaki na amri tu: kaa, kuja, kula, acha. Hakuna hadithi, hakuna utani, hakuna kumwambia "ona, mvua inakuja, tutoe nguo nje", na hayo maneno ya bure bure ndo chakula cha lugha, zaidi kwa mtoto ambaye tayari anapokea kidogo. Na koko yeye atanyamaza kabisa. Mtoto mwenye otizimu ana watu wachache wa kuongea naye, sasa unampunguzia tena mmoja.

Kitu cha kufanya kwanza kabla ya kubishana na mtu: chukua kahiye, chora safu tatu, Mashi, Kiswahili, Kifaransa, alafu wiki moja muandike kila neno anasema mwenyewe au anaonyesha ameelewa. Msihesabu safu moja moja, hesabuni vitu anavyovijua. Kama mayi anaijua kwa Kiswahili, kalamu kwa Kifaransa na ng'ombe kwa Mashi, huyo anajua vitu vitatu. Mwalimu anayehesabu safu ya Kifaransa peke yake ataona mtoto mtupu, na ndivyo wengi wanaandikwa kwenye biletini kuwa hawajui kitu.

Kuhusu kuchanganya, "weka kahiye mu sakoshi", sisi wote tunasema hivyo na watoto wa Bukavu wanakua hivyo hivyo. Usijilinde kila neno. Kitu kimoja tu nakuomba: kwa kazi za kila siku, kunawa, kuvaa, kwenda masomo, tumieni sentensi ile ile na lugha ile ile kila siku, baba asiseme hivi na shangazi vile. Mtoto huyu anashika lugha kwa kipande kizima, kipande kikibadilika kwake ni kitu kipya.

Na hapo tunaingia kwenye kurudilia maneno. Sisi tunaita ekolalia, na daktari Leo Kanner alishaiona mwaka 1943 kwa wale watoto 11 wenye otizimu aliowaandika wa kwanza kabisa. Zamani walijaribu kuizima. Tangu miaka ya 1980, Barry Prizant, ortofonisti wa Amerika, na wenzake walipokaa kusikiliza vizuri, waliona mara nyingi mtoto anarudilia ju anataka kitu: anaomba, anajibu ndiyo, anajituliza, anatafuta muda wa kuelewa. Kijana wako akisema "Unapenda mayi?" na anaangalia jagi, ana kiu. Alisikia hiyo sentensi kila mara mayi ilipokuja, kwa hiyo kwake hilo ndo jina la kuomba mayi.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Kwa Kifaransa anayesema na anayesemeshwa wanasimama mbele kama maneno ya pekee, "je" (mimi), "tu" (wewe). Kwetu wamejificha kwenye kichwa cha kitenzi, na-, una-, ana-, sauti ndogo ambayo mtoto anayemeza sentensi nzima haikati. Sasa usimsahihishe na "apana, sema napenda", atarudilia "apana sema napenda" na hapo mtakesha. Ongea kutoka upande wake: shika kikombe, sema "Napenda mayi", mpe. Kesho tena. Baadaye sema "Napenda..." uishie hapo, ungoje. Kungoja kwenyewe ni kazi, hesabu mpaka kumi kimya moyoni, wengi wetu tunavunjika kwa tatu.

Punguza maswali pia. Kumwonyesha sambaza na kumuuliza "hii ni nini?" mara ishirini ni kumpa mtihani, hujamfundisha kitu. Wewe sema: "Sambaza. Sambaza ya moto. Tunakula sambaza." Na ukitaka achague usimpe kwa mdomo tu, "bugali ao muchele?", ju anayerudilia atakupa neno la mwisho hata kama hapendi muchele. Vionyeshe vyote viwili, chukua jibu la kidole au la macho.

Sikiliza pia zile sentensi zinazokuja bila sababu. Mtoto anayepiga kelele "Croisez les bras!" (kunjeni mikono!) katikati ya soko, pengine anakumbuka kwamba ku klasi hiyo sentensi inakuja wakati fujo imezidi. Anakwambia hapa kuna kelele. Mjibu hiyo: "Kuna fujo. Tutoke."

Kusoma tablo bila kuelewa. Hiyo ni nguvu, mama, hata kama inaonekana ni kasoro. Kuna watoto wenye otizimu ambao macho yao yanashika herufi mbele sana ya maana. Msimwambie aache, tumieni herufi kumpeleka kwenye maana, na anzeni na Kiswahili ju kinaandikwa vile kinasikika, ba ni ba kila mahali, wakati Kifaransa kinamwandikia "beaucoup" herufi nane anazisikia nne. Andika kwenye karatasi ndogo: "Leta kikombe." Anasoma, analeta. "Weka kikombe chini ya meza." Anasoma, anaweka. Usimuulize amesoma nini, mwili wake utajibu. Siku hizo za Kiswahili zikienda bila shida, geuza karatasi, nyuma andika "Apporte la tasse", kitu ni kile kile, jina jipya. Hivyo Kifaransa kinaingia juu ya kitu anachokijua tayari. Mbele huko, kwenye enafepu, ule mtihani wa taifa wa mwaka wa sita, atakutana na maandishi ya Kifaransa na maswali ya kuelewa, na kusoma kwa sauti tupu hakutamsaidia hapo, kwa hiyo hii kazi ya karatasi isingoje mwaka wa tano.

Kama kuna siku anazima kabisa, michoro inasaidia: kikombe, choo, kulala, kutoka nje, kwenye vipande vya karto mfukoni. Watu wanaogopa ati akizoea picha hatasema. Kazi yangu na tafiti zinaonyesha picha hazizuii kusema, wengine ndo wanaanza kusema hapo.

Sasa klasi. Najua hali, masomo ya bure ku primeri tangu 2019 imejaza mabenchi, mwalimu ana watoto wengi kupita kiasi, mvua ya Bukavu ikipiga manjanja hata wewe husikii kitu, na huyu wako anasikia vyote kwa pamoja, mvua, benchi linalosukumwa, mtoto anayekohoa nyuma, na mwalimu, bila kujua kipi ni cha kusikiliza. Usiende kumwambia mwalimu "jifunze otizimu". Mpelekee nusu ukurasa. Mimi ningeandika hivi, wewe geuza kwa sauti yako:

"Mwalimu, mtoto wangu anachelewa kuelewa maneno mengi. Tafadhali mweke benchi la mbele, karibu na ukuta, mbali na mlango. Ukisha kuambia klasi yote, mwite jina, umwambie jambo moja, ungoje kidogo. Akirudilia swali lako hakuchezei, mruhusu aonyeshe kwa kidole. Ukimnong'oneza kwa Kiswahili atafanya haraka. Akishika masikio au akipunga mikono anajituliza, hasumbui mtu. Ikizidi, mwache atoke kidogo na mwenzake. Ukimchapa hatajua kosa, atajua tu masomo inauma. Dikte akishindwa, mwandikie nusu yeye ajaze maneno yaliyobaki."

Basi. Ukiongeza ukurasa wa pili hautasomwa. Kando ya hiyo, mtengenezee utepe wa karto wenye picha za siku: kuimba kwenye mstari, hesabu, rekre, kusoma, kurudi nyumbani, na kibanio cha nguo anachosogeza mwenyewe kila kitu kikiisha. Watu wa TEACCH, mpango wa kusaidia wenye otizimu kule North Carolina, Amerika, walianza hizo ratiba za kuona tangu miaka ya 1970 na mpaka leo sijaona kitu cha bei ndogo kinachopunguza vilio vya asubuhi kama hicho. Na umtafutie mwenzake mmoja wa benchi, jirani ikiwezekana, ambaye anapenda kusaidia lakini hapendi kuamrisha. Mtoto anaona mwenzake ametoa kahiye, naye anatoa. Rekre ndo saa ngumu kuliko dikte, ju hakuna mpango, kwa hiyo huyo mwenzake ampe mchezo mmoja tu wenye zamu, mpira wa kurushiana, isiwe kundi la watu ishirini.

Mwalimu akikwambia Kiswahili hakiruhusiwi klasini, mwambie kwa upole kwamba sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inasema Kifaransa ni lugha ya kufundishia na papo hapo inakubali lugha za taifa na za mahali kutumika kama njia ya kufundisha na kujifunza. Kumnong'oneza mtoto sentensi moja hakuvunji kitu.

Kwa direkta pia kuna sheria, Kongo iliingia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na kuna sheria ya 3 Mei 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Ila usiingie ofisini kwake na sheria mkononi. Ingia na kahiye ya safu tatu, na zile karatasi za "leta kikombe", na mwalimu ikiwezekana, umwonyeshe mtoto anajifunza, umuulize ni kitu gani hasa kinamchosha, pengine utakuta si kusoma, ni kwamba anakimbia kwenda nje, na hilo lina dawa. Sheria ikae kwenye sakoshi mpaka akikataa kabisa, hapo muombe akatae kwa maandishi.

Kurudilia klasi: uliza kwanza ni nini kitabadilika. Kama ni klasi ile ile, tablo ile ile, namna ile ile, mwaka wa kurudilia hautampa kusema, utamnyang'anya tu wale wenzake waliokwisha kumzoea. Kama kuna mwalimu mwingine anayemkubali na klasi ndogo kidogo, hapo naweza kukubali.

Mawili ya haraka. Masikio yapimwe kama hayakupimwa, hata kama anaruka akisikia kelele, ju anaweza kusikia mlango na asisikie vizuri maneno. Na kama kuna watu wa chumba cha maombi wanaosema ana kitu ndani yake: kuomba ombeni, lakini mtu akitaja ulozi mtoe mtoto hapo siku hiyo hiyo, sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 inaadhibu anayemsingizia mtoto ulozi. Anayeuza dawa ya kuponya otizimu naye mpite, hiyo dawa haiko.

Uniandikie tena ukiwa na zile safu tatu, na sentensi kumi anazozirudilia sana, kila moja na pale alipoisema, na nini kilitokea nyuma yake. Koko naye atoe zake za Mashi, nikishindwa kuelewa nitamuuliza mtu wa Kabare, kule wanasema Mashi.