Kazi ya kupima uimara wa vifaa vya ndege na satelaiti: jibu kwa mdogo wetu wa Mpwapwa

Wakuu, salaam kutoka Dodoma.

Kuna kijana wa Mpwapwa, yuko mwaka wa tatu uhandisi mitambo, ameuliza kama kupima uimara wa vifaa vya ndege na vya angani ni uhandisi kweli, au ni "kutikisa masanduku na kujaza fomu" kama alivyoambiwa chuoni. Ameuliza pia kama mtoto wa huku kwetu anaweza kuingia huko. Kazi hii nimeifanya miaka tisa, sita kati ya hiyo Ujerumani, kwa hiyo namjibu kwa niliyoyaona.

Mdogo wangu, naanzia Kongwa, nilikozaliwa. Babu yangu alikuwa utingo wa trekta kwenye mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Alikuwa akisimulia kwamba majembe ya trekta yalikuwa yanaisha kama sabuni. Udongo wa kule kiangazi hukauka ukawa kama saruji, na una chembechembe kali zinazokula chuma. Mashine nyingi zilikuwa masalia ya vita, zimefanya kazi vizuri kwingine. Msimu wa kwanza walipanga kulima ekari 150,000, zikapandwa 7,500 hivi, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Mvua na mipango mibovu vilichangia sana, sikatai. Lakini nilipokuja kusomea fani hii nilimwelewa babu upya: hakuna aliyeiuliza ardhi ya Kongwa kabla ya kuileta mashine. Kazi yetu sisi ni kuileta Kongwa maabara kabla mashine haijafika Kongwa.

"Kongwa" ya ndege ni nini? Jeti ikipaa kutoka Dar mchana wa joto, nusu saa baadaye iko futi 35,000 ambako nje ni nyuzi 50 na ushee chini ya sifuri. Kila chuma kinasinyaa, kila gundi inakakamaa, na unyevu ulioingia kwenye konekta unaganda. Halafu inashuka, na hali inageuka tena. Satelaiti iliyo karibu na dunia huizunguka kwa dakika 90 hivi, yaani inatoka juani na kuingia kivulini kama mara 16 kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 5,500, na huko juu hakuna fundi wa kumwita. Kabla ya hapo imeshapita kwenye roketi, ambako mtetemo ni wa masafa mengi kwa pamoja, yaani kasi nyingi tofauti za kutikisika. Kwenye meza ya mtetemo kawaida tunauiga kuanzia hezi 20 hadi 2,000 (hezi moja ni mtikisiko mmoja kwa sekunde), dakika moja au mbili kwa kila mhimili. Dakika hizo ni ndefu mno ukiwa umesimama nje ya kioo unaangalia kitu ambacho wenzako wamekijenga kwa miaka mitatu.

Sasa hilo la kutikisa masanduku. Nilikuwa na miezi minane kazini tulipoletewa kisanduku cha elektroniki cha kufungwa karibu na injini ya ndege. Kabla ya jaribio lenyewe, kwanza tunakitikisa kidogo tu, tukipandisha masafa taratibu, tukisikiliza kinapoitikia kwa nguvu. Kila kitu kina masafa yake, kama kengele ilivyo na sauti yake. Hiki kiliitikia kwenye hezi 412. Tukakipiga mtetemo mkali kwa saa kadhaa, tukarudia ule wa kusikiliza. Kikaitikia kwenye hezi 381.

Kisanduku kilikuwa kinafanya kazi, vipimo vyote vya umeme vizuri, na mteja alikuwa anakisubiri Ijumaa. Kiongozi wa mradi akasema tofauti hiyo ni ya vipimo tu, tusaini. Mimi sikuweza. Masafa yakishuka maana yake kitu kimelegea mahali. Nikaanza kujishuku mwenyewe kwanza, na hili nakuomba ulishike: huenda tatizo ni kishikio chetu, huenda ni bolti zangu, huenda ni sensa. Nikapima ukazo wa bolti moja moja, zote sawa. Nikabadilisha sensa. Nikarudia. Ikaja 381 ileile.

Nikaomba kifunguliwe, na hapo maneno yalikuwa makali, sitayaandika. Tukapaka braketi ya alumini rangi nyekundu inayopenya, tukaisubiri, tukaifuta, tukapulizia unga mweupe. Kwenye kona ya mguu mmoja ukajitokeza mstari mwekundu mwembamba kama unywele, urefu milimita sita. Mchoro ulitaka kona ile iwe na mviringo wa milimita 3. Kifaa cha kukatia kilichochakaa kiliacha kona kali, na nguvu zote zikajikusanya hapo. Kazi ilichelewa wiki tano. Mpaka leo nikisikia ndege ikipita juu ya Dodoma usiku nakumbuka ule mstari.

Somo la kona ni la zamani kwenye fani hii, na limelipiwa kwa roho za watu. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria aina ya Comet, za Uingereza, zilivunjika angani ndani ya miezi mitatu. Wahandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, walichukua ndege nyingine ya aina hiyo, wakaizamisha bodi yake kwenye tangi la maji, wakawa wanajaza na kupunguza shinikizo ndani kana kwamba inapaa na kutua. Walitumia maji kwa sababu hayagandamiziki kama hewa: bodi ikipasuka hailipuki, na ushahidi unabaki. Ukijumlisha safari ilizokuwa imeruka kweli na zile za tangini, ilipasuka kwenye mzunguko wa 3,057, kwenye kona ya uwazi uliokatwa kwenye bodi. Huo ndio uchovu wa chuma. Mzigo uleule mdogo, ukirudiwa vya kutosha, unaua.

Fomu zipo, na ni nyingi. Nusu ya muda wangu ni kuandika: kilifungwaje, sensa zilikaa wapi, ukazo wa bolti, nani aliona nini saa ngapi. Usipoandika ukazo wa bolti, ile 381 yako haina thamani mbele ya mtu mwenye haraka.

Kuingia. Sitakuficha: Marekani ni vigumu, kwa sababu sheria zao za kuuza nje teknolojia hufanya kampuni nyingi za anga zitake raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Ulaya mlango uko wazi zaidi, hasa ukipitia shahada ya pili. Karibu na sisi, wenzetu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishirikiana na Waitalia kutengeneza 1KUNS-PF, satelaiti ndogo iliyoachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2018, kwa hiyo usiseme ni mambo ya mbali. Masomo ya kukazania ni mitetemo, uchovu wa metali, na takwimu. Wengi wanaikimbia takwimu, halafu wanashindwa kusema vipande vitano vilivyonusurika vinathibitisha nini. Jifunze na Python, lugha ya kompyuta, ya kuchambua data.

Lakini usisubiri maabara. Nenda gereji yoyote hapo Mpwapwa, uliza springi za malori zilizokatika, fundi atakupa bure. Safisha uso wa mkato kwa mafuta ya taa, usiukwaruze. Mara nyingi utaona sehemu laini yenye mistari kama ya kisiki cha mti, na sehemu ya pili imechanika kwa ukali. Ile laini ni ufa uliokua taratibu, safari baada ya safari. Ile kali ni siku ilipokatika. Fuata mistari kurudi nyuma, itakupeleka ulipoanzia: tundu la bolti, kutu, alama ya nyundo. Chora, pima, muulize dereva alikuwa anabeba nini na barabara gani.

Mimi nina boksi zima la vipande hivyo hapa Nkuhungu. Ukija Dodoma likizo, njoo na vyako tuvilinganishe.