"Get": tazama neno linalofuata
Wewe unayeanza kazi ya mapokezi katika hoteli za Nyali, Mombasa, au kutembeza wageni Mji wa Kale, yamkini shuleni ulifunzwa kuwa "get" ni kupata. Ni kweli, lakini ukishikilia maana hiyo moja, mengi anayosema mgeni yatakupita.

Tazama neno linalofuata. Likiwa jina la kitu, maana ni kupata, kupokea au kuleta: "get me some water" ni niletee maji. Likiwa neno la hali, ni kugeuka kuwa hivyo: "get wet" ni kulowa, "get tired" ni kuchoka. Pakifuata mahali, ni kufika, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Husemwa "get to Likoni", lakini "get home", "get here", "get there" bila "to". "Get to home" ni kosa.

Kisha kuna "get paid", kulipwa. "Get robbed", kuibiwa. Na "get the car repaired", kutengenezesha gari. Kiswahili hugeuza mwisho wa kitenzi. Kiingereza humbebesha "get" kazi hiyohiyo. Ukishaliona hilo, huna haja ya kukariri orodha ndefu.

Kwa vyombo vya usafiri, teksi na tuktuk ni "get in", na kushuka ni "get out". Basi, treni ya Nairobi na feri ni "get on" na "get off", kwa kuwa abiria anaweza kusimama na kutembea ndani. Bodaboda pia ni "get on": unaketi juu yake.

Asili yake ni "geta", neno la Kinosi cha kale lililoingia Uingereza na watu wa Skandinavia. Kiingereza cha kale kilikuwa na nduguye ndani ya maneno mengine, na hadi leo amebaki katika "forget". "Gotten" nayo ilitumika Uingereza zamani, ikafifia huko, Marekani ikadumu. Kwa hiyo Mmarekani akisema "I've got a room", anacho chumba. "I've gotten a room", amekipata.

Sikiliza sana mezani. Bili imeletwa, mgeni mmoja anaivuta upande wake na kusema "I'll get this". Anamwambia mwenzake kwamba atalipa yeye. Usimwondolee karatasi ukidhani anataka kuletewa kitu. Simu ikilia na ukaambiwa "could you get that?", ipokee.

Nawe unapozungumza, taja kitu mpaka mwisho. "I'll get you a tuktuk" ni nitakutafutia tuktuk. Ukikatiza kwenye "I'll get you", hasa kwa sauti kavu, mgeni atasikia kitisho: nitakukomesha. Na kama hukumwelewa, "I don't get you" huweza kusikika kali; sema "Sorry, I didn't get that", arudie.