Jibu: Kwa nini "One of the boys have passed" ni kosa

Mdogo wangu, umeuliza kosa liko wapi wakati "boys" ni wengi. Kitenzi hapo hakifuati "boys", kinafuata "one". Funika kwa kidole maneno "of the boys". Kinachobaki ni "One have passed", na hapo kosa linaonekana wazi. Jibu ni "has". Watunzi wa mitihani wanaupenda sana mtego huu: wanaweka nomino ya wingi jirani kabisa na kitenzi. Jaribu na "The list of items are long", utaona. Ila kuwa makini, "He is one of the boys who have passed" ni sahihi, maana "who" inarejea "boys".