Meli Mbili Kubwa, Likizo Moja: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa muda mrefu ili tupate kupumzika baharini pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 14, na mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 71, ambaye magoti yanamsumbua ingawa bado anatembea mwenyewe. Wakala wa usafiri ametuwekea mezani meli mbili za kampuni moja, Icon of the Seas na Wonder of the Seas, zote zikizunguka bahari ya Karibi wakati wa likizo ya shule. Nauli ya Icon ni ya juu zaidi, na wakala anasema inastahili kwa kuwa meli hiyo ni kubwa zaidi na kwa hiyo haitakuwa na msongamano. Je, hoja hiyo ni ya kweli? Na kabla hatujalipa chochote, tulinganishe mambo gani?

JIBU: Hoja ya wakala ni ya kweli nusu tu, na nusu isiyo ya kweli ndiyo inayokuhusu wewe. Icon of the Seas, iliyoundwa Turku nchini Finland na kuanza safari Januari 2024, ina tani 248,663 na urefu wa karibu mita 365. Wonder of the Seas, iliyoundwa Saint-Nazaire nchini Ufaransa na kuanza safari Machi 2022, ina tani 235,600 na urefu wa mita 362. Tani hizi si uzito. Kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, ni kipimo kinachotokana na ujazo wa nafasi zote zilizofungwa ndani ya chombo. Zinakueleza nyumba ina ukubwa gani, lakini hazikuelezi wamelala humo watu wangapi, na msongamano huletwa na watu.

Chukua basi tani za kila meli uzigawanye kwa idadi ya abiria. Hesabu inayotumiwa zaidi huchukulia kwamba kila chumba kina watu wawili, na kwa hesabu hiyo Icon hubeba abiria 5,610 na Wonder 5,734. Icon hupata tani 44.3 kwa kila abiria, Wonder 41.1, na hapo wakala ameshinda. Lakini vyumba vingi vya Icon vimejengwa kwa ajili ya familia, vikiwa na kitanda cha tatu na cha nne, hivi kwamba meli hiyo ikijaa kabisa huchukua abiria 7,600, wakati Wonder ikijaa kabisa huchukua 6,988. Rudia kugawanya: Icon inabaki na tani 32.7 kwa kila abiria, na Wonder 33.7. Meli iliyokuwa na nafasi kubwa zaidi sasa ndiyo yenye nafasi ndogo zaidi. Wakati ambapo vitanda vya tatu na vya nne hujaa ni wakati wa likizo ya shule, yaani wakati mnaosafiri ninyi. Tofauti ya tani moja si kubwa kiasi cha kuihisi ukiwa kwenye foleni ya chakula, nami sisemi kwamba Wonder ni shwari. Ninachosema ni kwamba, kwa tarehe zenu, nafasi si sababu ya kulipa zaidi.

Sababu inaweza kupatikana kwingine. Mtoto wa miaka 14 huenda akaitaka Icon kwa ajili ya slaidi zake 6 za maji na mabwawa yake 7. Wonder nayo ina slaidi za maji, ingawa ni chache zaidi, pamoja na slaidi ndefu isiyo na maji na kamba ya kuteleza hewani. Kwa upande mwingine, sehemu ya Icon inayotangazwa sana kwa familia, iitwayo Surfside, imebuniwa hasa kwa watoto wadogo wa miaka 6 kushuka chini, na wenu wameshavuka umri huo. Kwa hiyo msikilipie kitu ambacho hakuna mtu katika familia atakayekitumia. Jambo la kuwakumbusha watoto mapema ni kwamba vilabu vya meli hizi hutenganisha umri: hadi miaka 12 kundi moja, kuanzia 13 hadi 17 kundi jingine. Ndugu hao wawili hawatacheza pamoja humo, hata wakisihi vipi.

Kuhusu mama mkwe wako nitasema zaidi, kwa sababu wazee husahauliwa sana wakati wa kuchagua meli kubwa. Kutembea kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma ya meli, na kurudi katika chombo chochote kati ya hivi viwili ni zaidi ya mita 700, na mtu anayelala upande mmoja huku akila upande wa pili anaweza kutembea umbali huo mara tatu kwa siku kabla hata hajashuka bandarini. Tafuteni chumba cha katikati ya meli, karibu na lifti lakini si mlangoni pake, kwa maana lifti huleta mazungumzo ya watu hadi usiku wa manane. Ikiwa anahitaji bafu lisilo na kizingiti na mlango mpana, ombeni chumba cha watu wenye mahitaji maalumu siku ileile mnapouliza nafasi. Vyumba hivyo ni vichache na huisha mapema. Ulizeni pia katika kila bandari kama meli hufunga gatini au hukaa nje na abiria kushushwa kwa mashua, kwa sababu kuingia na kutoka kwenye mashua inayochezacheza si kazi ya magoti yanayouma. Kisiwa cha kampuni hiyo huko Bahama, CocoCay, kina gati, kwa hiyo hapo hapana shaka.

Sasa bei. Hakikisheni kwanza kwamba safari zote mbili zina idadi sawa ya usiku, na kama sivyo, gawanyeni bei kwa usiku kabla ya kulinganisha. Kisha msilinganishe nauli peke yake, bali jumla yote: kodi za bandari, bakshishi ya wahudumu ambayo hutozwa kwa siku kwa kila mtu, watoto wakiwemo, intaneti, soda na vinywaji vingine, migahawa ya ziada, na matembezi ya nchi kavu. Hata baadhi ya michezo hulipiwa; kwenye Icon, kwa mfano, ile njia ya kutembea na kuruka juu ya bahari iitwayo Crown's Edge ina malipo yake.

Mgawanyo wa vyumba nao unaweza kuwapunguzia gharama. Mtu anayelala peke yake chumbani mara nyingi hutozwa karibu nauli ya watu wawili. Kwa hiyo, badala ya kumpa bibi chumba chake na ninyi wanne kubanana, mwekeni bibi pamoja na mjukuu mmoja, na ninyi na mtoto wa pili katika chumba cha jirani chenye mlango wa kuunganisha.

Kwa hali mliyonieleza, mimi ningechukua Wonder, kisha fedha niliyookoa ningeiweka kwenye vyumba viwili vilivyo mahali pazuri. Watoto wenu wangekuwa na miaka 3 na 5, ningejibu kinyume chake bila kusita.

SWALI: Katika bei za meli hizo nimeona chumba chenye roshani kwa nauli ya chini kuliko chumba cha roshani cha kawaida. Kuna hila gani?

JIBU: Hakuna hila, ila neno “roshani” halina maana moja. Meli hizi zimejengwa kama mtaa wenye uwazi katikati, na baadhi ya roshani hutazama ndani ya uwazi huo badala ya kutazama bahari. Roshani inayotazama bustani, ile iitwayo Central Park, ni tulivu na wapo wanaoipenda kuliko bahari yenyewe. Ile inayotazama Boardwalk kwenye Wonder iko upande wa jukwa, ile bembea ya watoto inayozunguka, na jukwaa la maonyesho ya majini, na usiku wa onyesho utasikia kila kitu, upende usipende. Zote mbili zina kasoro moja, kwamba jirani wa ng'ambo anakuona, kwa hiyo pazia hufungwa.

Lililo gumu zaidi ni tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni hukuhakikishia aina ya chumba lakini hujichagulia yenyewe mahali kitakapokuwa. Niliwahi kuikata tiketi ya namna hiyo katika meli nyingine, nikalala chini ya ukumbi ambao viti vilikuwa vikiburutwa alfajiri. Anayejali usingizi achague namba ya chumba mwenyewe, huku mchoro wa sitaha, yaani ghorofa za meli, ukiwa mbele yake, akitazama sitaha ya juu na ya chini. Chumba kizuri ni kile chenye vyumba juu yake na vyumba chini yake.

SWALI: Ninaogopa mawimbi na vimbunga. Je, kati ya meli hizo mbili ipo iliyo salama zaidi?

JIBU: Kwa kuyumba, hutaona tofauti kati ya mita 362 na mita 365, na zote zina mapezi yanayotokezwa ubavuni chini ya maji ili kupunguza kulala upande. Chumba ndicho kinacholeta tofauti: katikati na sitaha za chini ndiko kunakotikisika kidogo, ilhali omo na sitaha za juu ndiko kunakopanda na kushuka zaidi.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na huwa mkali zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Nahodha haingii katika kimbunga; hubadilisha njia, na mkataba wa tiketi kwa kawaida humpa ruhusa ya kuacha bandari yoyote. Hivyo, anayesafiri miezi hiyo asiichague meli kwa sababu ya kisiwa kimoja tu, na anunue bima inayolipia matibabu na kuhamishwa kutoka melini, kwani zahanati ya meli hutoza malipo na bima nyingi za nyumbani hazifiki huko.

Mazoezi ya dharura msiyakwepe. Costa Concordia ilipopasuka kwenye mwamba wa kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 walifariki, na abiria waliopanda siku ile walikuwa bado hawajafanya mazoezi, kwa sababu kanuni ya wakati huo iliruhusu yafanywe ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2015 hufanywa kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada ya hapo. Katika meli za kampuni hii sehemu kubwa hufanyika kwa simu ya mkononi au runinga ya chumbani, kisha abiria huenda kuripoti kwenye kituo chake cha kukusanyikia. Nendeni huko mapema siku ya kwanza, kabla foleni haijawa ndefu, na mzee mwenye magoti mabovu, kama yule wa swali la kwanza, apande kwa lifti lakini ajue ngazi ziko wapi, kwani wakati wa dharura lifti hazitumiki.