Barua kwa mwanangu: uzamifu na udongo mweusi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uache kazi ya mjengo ukasomee uzamifu wa uhandisi wa ujenzi, au ubaki saiti. Mimi ni nyapara tangu hujazaliwa, na nitakujibu kama nyapara.

Nenda, mradi uwe na swali. Hamu ya kuitwa daktari haitakuvusha miaka 3, na wengi huchukua zaidi. Naamini swali unalo, maana tangu ulipofika South C na Embakasi, huku Nairobi, hujaacha kuuliza juu ya ule udongo mweusi. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na nyumba iliyo juu yake hutoka nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha. Sisi huuchimba wote, tukausomba kwa malori na kujaza murram, ule udongo mgumu wa changarawe, na mwenye ploti humaliza pesa kabla ukuta haujaanza. Wengine huuchanganya na chokaa, ukapunguza kuvimba. Lakini chokaa kiasi gani, kwa udongo wa wapi, na itahimili misimu mingapi ya mvua? Hapo ndipo ningependa uingie.

Ila udongo hauharakishwi. Ukipima kiwanjani utangoja mvua ndefu, Machi hadi Mei, na mvua fupi, Oktoba hadi Desemba. Kifaa kikiharibika katikati, msimu umekwenda. Kwa hiyo usichague chuo kwa jina. Iwe Chuo Kikuu cha Nairobi au JKUAT kule Juja, ingia maabara uone mashine zipi zinafanya kazi. Kisha watafute wanafunzi wa profesa unayemtaka, uwaulize sura ya tasnifu hukaa kwake muda gani kabla hajairudisha. Msimamizi asiyesoma atakuzeesha. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, kiombe mapema.

Na usajili wako kwa Bodi ya Wahandisi umalize kwanza, tafadhali. Bodi hutazama kazi uliyoifanya. Uzamifu hauchukui nafasi yake. Aprili 2016, jengo la ghorofa 6 lilianguka Huruma usiku wa mvua, wakafa watu karibu 50. Nataka siku utakapojua kwamba msingi haufai, uwe na mamlaka ya kukataa kuutilia sahihi.

Karo tutaizungumza ukija Jumapili, mama yako ana mawazo yake. Kazini usiage kabla hatujaonana.

Baba yako